Akina Mama Walipokuja Kuona Goti

Mamangu alianguka kwenye zizi la ng'ombe msimu wa mvua, akakaa matopeni mpaka jirani aliyekuja kuchukua maziwa akamkuta. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama kando yake akicheua, hana habari. Nilipopigiwa simu nilitoka Nakuru nikapanda kwetu Dundori kichwa kikiniwaka moto. Nikamkuta ameshaogeshwa, amekaa karibu na jiko anakunywa chai, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba ng'ombe hajakamuliwa vizuri tangu jana.

"Mami, ni hiyo goti," nikasema.

"Ni tope," akasema.

Huyo ndiye mamangu. Goti lake la kulia lilikuwa limemsumbua miaka mingi. Kutoka kitandani kulikuwa safari, na kuteremka kwenye shamba la viazi kulikuwa safari nyingine, ila ukimuuliza alikuambia yuko sawa kabisa. Daktari wa mifupa mjini Nakuru alikuwa ameshasema bila kuzungukazunguka kwamba goti limekwisha, litolewe, awekewe la chuma. Mami akakaa ngumu. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba picha aliyoonyeshwa hospitalini ilikuwa nyeusi tupu, na hangekatwa kwa sababu ya kitu ambacho hajakiona. Ya pili ni kwamba daktari alikuwa mkweli kupita kiasi. Alimwambia kwamba wengi wakishawekewa goti la chuma hawapigi magoti tena, au wakipiga wanaumia. Mami huomba kila usiku akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, anatutaja watoto wake mmoja mmoja, na mimi huniweka mwisho kwa sababu anasema mimi ndiye ninayehitaji muda.

"Sasa wakitoa goti yangu nitakuwa naombea wapi?" akaniuliza.

"Kwa kiti, Mami. Mungu anasikia hata mtu ameketi."

"Kiti ni ya kukulia chakula."

Hapo nilichemka. Mimi ni mwalimu wa anatomia. Kazi yangu ni kusimama mbele ya wanafunzi katika chuo cha tiba hapa Nakuru na kuwaeleza jinsi mtu alivyoungwa, na katika mtu mzima hakuna kiungo ninachokijua kama goti. Nimelifundisha goti mpaka nikalala nikaliota. Na bado nilikuwa nimeshindwa kumwelewesha mtu mmoja, aliyenizaa. Nilijua akianguka tena pale zizini siku ambayo jirani hatakuja, simu nitakayopigiwa itakuwa ya msiba. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumpandishia mamake. Akanywa chai yake akamaliza.

"Mama," akasema. Mami huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake, ndiyo desturi ya kwetu, kwa hivyo tukigombana, mtu aliye nje ya mlango hajui nani kamzaa nani. "Mama, nionyeshe hiyo goti. Nikiiona na macho yangu, nitakujibu."

Alisema hivyo akidhani haiwezekani. Hakujua kuhusu mtambo wetu.

Chuo kilikuwa kimepata mtambo wa kuonyesha picha za pande tatu. Una kompyuta, projekta inayomulika ukuta, na miwani mizito ya betri. Ukivaa ile miwani, kitu kinatoka ukutani kinasimama hewani mbele yako, unaweza kukizungusha, kukipasua, kukivua nyama safu kwa safu na kukivalisha tena. Wanafunzi waliupenda sana. Tatizo lilikuwa goti lililokuja nao. Lilikuwa goti la mtu asiyejulikana, wa nchi isiyojulikana, goti zima kupindukia, halina hata mkwaruzo. Wanafunzi wangu walilikariri wakalimaliza. Halafu walipoenda wodini wakakutana na goti la mzee kutoka Olenguruone aliyepanda na kushuka mlima maisha yake yote, au la mama wa kule Kamere anayesimama siku nzima kwenye mashamba ya maua akichuma, na wakashtuka. Mmoja aliniita mbio akisema kuna dharura, kumbe ni uzee tu.

Kwa hivyo nilitaka goti la hapa kwetu, na nilikuwa ninalijua moja. Nilimwomba Mami ruhusa wanafunzi wasome kwa goti lake. Akakubali mara moja, akasema hiyo ni sadaka. Nikachukua ile diski ya picha zake za hospitalini nikampelekea fundi wetu wa kompyuta. Fundi huyu ni mwanamume mnene, mpole, anayemwogopa kila mwanamke aliyemzidi umri. Alikaa na zile picha siku kadhaa akaziunganisha moja juu ya nyingine mpaka zikawa goti, na siku aliponiita niliangalie nilitoka nje nikasimama kidogo. Lilikuwa baya kuliko nilivyofikiri. Gegedu, ule utando mweupe laini ambao hata wewe umeuona kwenye ncha ya mfupa wa kuku, ndio unaozuia mifupa isisagane. La Mami upande wa ndani halikuwepo kabisa. Mfupa ulikuwa unakalia mfupa. Na juu ya hivyo alikuwa akipiga magoti.

Tukapanga siku ya darasa ili aje aone. Nikamwambia nitamfuata na gari. Akasema nisijisumbue, atakuja na watu.

Nilipaswa kuuliza ni watu gani. Kwetu mtu haendi kuona jambo zito peke yake, na mgonjwa haonwi na mtu mmoja. Kikundi chake cha akina mama wa kanisa kilisikia kwamba goti la Mami "liko" chuoni Nakuru, na wao wakalielewa jambo hilo kwa njia ambayo lingeeleweka kwa mtu yeyote mwenye adabu. Yaani mwenzao ana kiungo kinachougua, kiungo kimelazwa mahali, na wao hawajaenda kukiona. Asubuhi ya siku hiyo pikapu ya kubebea viazi ikaingia langoni mwa chuo, nyuma imejaa akina mama wenye vitambaa vyeupe kichwani, wamekaa kwenye viti vya plastiki na chupa za chai na sufuria za mukimo wa viazi na mahindi mapajani. Mamangu alikuwa mbele na dereva. Askari wa lango aliwauliza wamekuja kumwona nani. Wakamwambia wamekuja kuona goti. Akawauliza la nani. Wakamwambia la huyu hapa. Askari akatazama goti la Mami, akatazama chupa za chai, akafungua lango.

Waliingia maabara wakawasalimia wanafunzi wangu mmoja mmoja kwa mkono, makoti meupe yote, kutoka mstari wa mbele mpaka ukutani. Kisha wakaketi mstari wa mbele. Wanafunzi waliokuwa pale wakarudi nyuma bila kuambiwa. Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mrefu ambaye tangu utotoni namwogopa kuliko mkuu wa chuo, akasimama nilipokuwa nimesimama mimi, nami nikajikuta nimeketi.

"Tutaanza na maombi," akasema, "halafu watu wajijulishe, halafu mwalimu atatuambia mgonjwa anaendeleaje."

"Mgonjwa ndiye huyo hapo," nikasema nikimwonyesha Mami.

"Huyo tumekuja naye," akasema mwenyekiti.

Basi tukaomba, wakaimba, chai ikamiminwa. Mwanafunzi mmoja alinong'ona kwamba chakula hakiruhusiwi maabara. Akapewa sahani ya mukimo, akanyamaza.

Nikasema haya, inatosha, fundi zima taa. Tukagawa miwani. Haikutosha, ikawa inapokezanwa. Goti likatoka ukutani, likasimama hewani katikati ya chumba, kubwa kama ndama. Watu wakajivuta nyuma kwenye viti. Hata mimi niliyelizoea niliwaelewa. Kisha mama mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono polepole akalipungia.

"Pole sana," akaliambia.

Na wengine wakafuata. Wakasimama mmoja baada ya mwingine kujijulisha kwa goti, kila mmoja na jina lake, ametoka upande gani wa Dundori, ameokoka, anampenda Yesu, na anasema pole. Nilijaribu kuwakatiza nikashindwa. Wakaanza kuniuliza maswali ya wodini. Mmoja akataka kujua kama linalala vizuri.

"Nalala kidogo," akajibu Mami kutoka kwenye kiti chake huko pembeni.

Wote wakageuka kumtazama kana kwamba ameingilia mazungumzo ya watu. Kisha wakageukia goti tena. Hakuna aliyemwambia Mami pole. Hakuna hata aliyemkumbuka kwa miwani. Yeye alikuwa anaona tu ukutani ukungu wa rangi mbili, na alikaa ameshika mkoba wake, ananitazama mimi.

Nikaona nifundishe haraka kabla sijapoteza siku. Nikamwambia fundi avue ngozi. Ngozi ikatoka. Avue misuli. Misuli ikaanza kutoka, na hapo mwenyekiti akasimama.

"Simama hapo. Huyo ni mama wa kanisa, na hapa kuna wanaume."

"Ni goti, jameni. Ni picha."

"Ni goti ya nani?"

Mwenyekiti akafungua mkoba, akatoa leso ya kujifunga ya maua mekundu, akamwita mwenzake mwenye mikono mirefu, na wakaitundika ukutani kwenye misumari ya ramani yetu ya mishipa, ili kulifunika goti. Sasa projekta haijui adabu. Ilimulika leso kama ilivyomulika ukuta, na goti likaonekana vilevile, mifupa nje, ila sasa limevaa maua. Akina mama wakaliangalia kwa kina.

"Sasa yuko sawa," wakakubaliana. "Endelea, mwalimu."

Nikaendelea. Nilifundisha goti lenye maua mekundu. Nikawaonyesha mfupa wa paja unavyoshuka, mfupa wa muundi unavyoupokea, pia ya goti inavyoteleza mbele. Nikamwambia fundi alikuze mpaka tukawa kama tumesimama ndani ya goti lenyewe, na nikaonyesha pale pa ndani. Hapa gegedu imekwisha, nikasema. Hapa mfupa unasaga mfupa kila akiinuka, kila akichuchumaa kukamua. Dawa ya kupaka haifiki hapa. Mama mmoja akasema ni baridi ya Dundori tu, hata dadake alikuwa hivyo akapona kwa kufunga sufi. Nikamwambia aingize mkono wake pale anionyeshe sufi itafungwa wapi. Nilikuwa nimekasirika, na nadhani nilisikika hivyo, maana nyuma wanafunzi waliacha kutafuna.

Ila mwenyekiti alikuwa amevua miwani anapangusa macho. Nikaona limemwingia, na nikafurahi moyoni. Nikasema huyu akishawishika, Mami atashawishika.

"Hatuwezi kuona kitu kama hii halafu turudi tu nyumbani," akasema. "Tusimame."

Wakasimama. Wanafunzi wakasimama. Wakanyoosha mikono kuelekea goti, na mwenyekiti akaanza kuomba. Yule mama anaomba, wacha nikwambie. Alianzia Mwanzo. Akaliombea goti, akaiombea miguu yote ya Dundori, chuo, askari wa lango, bei ya viazi, akalirudia goti. Chumba kizima kilifumba macho, na mimi pia, maana mimi ni mtoto wa mamangu. Fundi naye alifumba, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na kwa vile maombi yalikuwa marefu na yeye ni mzito, akaegemeza kiwiko kwenye meza ili apumzike. Kiwiko kikatua kwenye kibodi.

"Amina," tukasema, tukafungua macho.

Goti lilikuwa limepona.

Lilisimama pale juu ya maua, jeupe, laini, gegedu lake linang'aa kila upande, mifupa imeachana vizuri, halina hata mkwaruzo. Kisha kutoka nyuma ya chumba mwanafunzi wangu bora, yule ambaye nilikuwa nimempangia kuwakilisha darasa mbele ya wageni, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mwalimu, gegedu imerudi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka jikoni mwa chuo. Akina mama walikumbatiana. Wanafunzi wawili walitoka kwenda kuwaita wenzao. Mimi nilimtazama fundi. Fundi alikuwa anakitazama kiwiko chake, na kutoka kwenye kiwiko akaitazama kibodi, na uso wake ulikuwa umejaa jasho. Alikuwa amebonyeza kile kibonyezo kinachorudisha mtambo mwanzo, kwenye lile goti lililokuja nao.

"Sikilizeni," nikasema. "Hiyo si goti ya Mami. Ni goti ya mashine."

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira, "soma vitabu vyako, lakini leo usitupinge."

"Fundi, waambie."

Fundi akafungua mdomo. Akina mama wote wakamgeukia, vitambaa vyote vyeupe. Akaufunga.

Nilikuwa nimeleta mtambo, goti na watu wote wale ili mamangu akubali kutibiwa, na sasa angerudi Dundori amepona kwa mashahidi, azidi kupanda na kushuka kwenye mfupa mtupu, na mtu akimtajia operesheni ataambiwa hana imani. Nilimwona tayari pale zizini, na ng'ombe kasimama kando yake. Nikataka kulia, na nikataka kumpiga fundi na projekta.

"Ushuhuda," wakaanza kusema. "Inuka utembee, mama. Tembea tuone."

Mami akaweka mkoba chini. Akainuka. Hakushika kiti, hakushika ukuta. Akaanza kuja, na wao wakaimba wakimpigia makofi, na alikuwa anatabasamu. Lakini mimi namjua yule mtu. Kila alipoukanyaga mguu wa kulia, mshipa wa shingo ulisimama. Alitembea chumba kizima namna hiyo, kwa sababu ya wenzake waliokuwa wamefurahi, mpaka akafika mbele ya ile leso. Akamnyooshea mwenyekiti mkono, akachukua miwani, akaivaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona.

Akaangalia. Wimbo ukapungua, ukaisha. Akainama kidogo kuangalia upande wa ndani, akainuka.

"Mama," akaniita. "Hii ni ya nani?"

"Hatumjui, Mami. Ilikuja na mashine."

"Huyu hajawahi kubeba viazi."

"Hapana."

"Nirudishieni yangu."

Fundi hakungoja niseme. Goti zuri likatoweka, na la Mami likarudi kwenye maua, kuukuu, limesagika, upande mmoja umezama. Mami aliliangalia muda mrefu sana. Alinyoosha mkono akapitisha vidole pale palipokwisha, vidole vikapita hewani, akavirudisha akavipangusa kwenye sketi.

"Kumbe ni wewe," akaliambia.

Kisha akawageukia wenzake. "Mmeombea goti ya mtu mwingine," akasema. "Na ilikuwa nzima." Hakusema kwa ukali. Mama mmoja akaanza kucheka akajifunika mdomo. Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake, kama basi waombe tena.

"Hapana, hii nitaombea mimi. Mama, huyo daktari alisema nikiwekewa ya chuma sitapiga magoti?"

Ningeweza kumdanganya. Chumba kizima kilikuwa kinanisikiliza, na wanafunzi wangu walijua jibu. "Pengine hautaweza," nikasema. "Wengi hawawezi."

Akatikisa kichwa kukubali. Akashika ukingo wa meza, na kabla sijaelewa anafanya nini, akaanza kushuka. Nilikimbia kumshika, akanisukuma mkono. Alishuka polepole, goti la kushoto kwanza, kisha la kulia, kwenye sakafu ya simenti ya maabara, mbele ya lile goti lake kubwa lililosimama hewani. Nilisikia lile goti bovu lilivyolia likigusa chini. Kila mwanafunzi mle ndani alilisikia, na kila mmoja alijua sasa ni kitu gani kinachosagana. Akaomba kimyakimya, midomo tu. Ilichukua muda. Alikuwa anatutaja.

Alipomaliza hakuweza kuinuka. Tulimwinua mimi na mwenyekiti, na fundi akamshika kwa nyuma, mpaka akasimama wima akanyoosha sketi yake. Alikuwa bado amevaa ile miwani.

"Sasa mpigie huyo daktari," akaniambia. "Mpigie nikiwa hapa."